Dawa za saratani kutoka kwa wanyama wa baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Wako wanafunzi wanaotaka kujua inakuwaje sifongo wa baharini akaishia kuwa dawa ya sindano hospitalini. Na wako wenye mgonjwa nyumbani, waliosikia kwamba bahari ina dawa ya kansa na wanataka kujua waipate wapi. Nimewajibu wote kwa pamoja kwa sababu majibu yao yanaingiliana, na kwa sababu hawa wa pili mara nyingi huuziwa kitu kabla hawajapata mtu wa kuwaeleza.

Ni kweli kuna dawa ya saratani iliyotoka baharini, au ni maneno ya mitandaoni?

Ni kweli, tena si dawa moja. Ya zamani kuliko zote ni sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969. Mpaka leo ndiyo mhimili wa matibabu ya lukemia kali ya mailoidi, ambayo ni mojawapo ya saratani za damu, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye kichupa utaiona imeandikwa Cytarabine au Ara-C. Zilizofuata ni pamoja na trabektedini (Yondelis), iliyokubaliwa Ulaya mwaka 2007 kwa saratani za tishu laini. Eribulini (Halaven), Marekani mwaka 2010, kwa saratani ya titi iliyokwisha kusambaa. Na brentuksimabu vedotini (Adcetris), huko huko mwaka 2011, kwa limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Mwaka 2020 ikaja lurbinektedini (Zepzelca) kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo.

Nyuma ya kila moja yumo mnyama: sifongo wa Karibi, kiumbe laini wa mizizi ya mikoko, sifongo mweusi wa Japani, konokono wa Bahari ya Hindi. Lakini hakuna mgonjwa anayepewa mnyama. Kinachoingia mshipani ni molekuli ya aina moja, iliyosafishwa na kupimwa kwa miligramu, na leo hii inatengenezwa kiwandani. Ukilishika hilo, mengi yatakayofuata hapa chini yatakuwa mepesi.

Kwa nini watafiti wanahangaika na sifongo na konokono? Mbona hawaanzi na samaki?

Samaki akishambuliwa hukimbia. Sifongo hana pa kukimbilia. Amejishika mwambani maisha yake yote, mwili wake laini uko wazi, na pembeni yake kuna matumbawe na sifongo wengine wanaogombea nafasi ileile. Hali ni hiyohiyo kwa matumbawe laini, kwa tunikati (wale wanyama wa umbo la kifuko wanaochuja maji kupitia matundu mawili), na kwa konokono wa baharini waliopoteza kombe. Wengi wao wanajilinda kwa kemikali: sumu, uchungu, au kitu kinachozuia jirani asikue.

Kemikali hiyo ikitoka inaingia kwenye maji ambayo hayatulii, na inazimuliwa papo hapo. Inayofaa ni ile inayofanya kazi hata ikiwa chembe tu. Ndiyo maana baadhi ya molekuli za wanyama hawa ni kali kupita kiasi, na nyingi zinalenga mambo ambayo kila seli hai inayahitaji ili igawanyike: DNA, au zile nyuzi nyembamba za ndani zinazovuta kromosomu pande mbili wakati seli moja inakuwa mbili. Seli ya saratani hugawanyika bila breki. Kinachovuruga kugawanyika huiumiza hiyo kwanza.

Sitarabini iligunduliwaje?

Kwa mtu aliyekuwa akitafuta jambo jingine. Werner Bergmann, mkemia wa Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa akichunguza mafuta ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo. Miongoni mwa sampuli zake alikuwemo sifongo wa Karibi, ambaye leo anaitwa *Tectitethya crypta*, aliyeokotwa karibu na Elliott Key, Florida. Alipomchemsha kwenye asetoni, zikajitenga fuwele ambazo hakuzitarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yeye na Robert Feeney wakaeleza ni nini: vijenzi vinavyofanana na vile vya DNA na RNA, ila sukari yake ni arabinosi, si ile ya kawaida.

Sitarabini yenyewe haikuwemo kwenye sifongo yule. Wanakemia wa Berkeley, California, waliiunda mwaka 1959 wakifuata wazo hilohilo la sukari iliyobadilishwa. Seli inaipokea kwa kudhani ni kijenzi chake halali, inaiweka kwenye DNA inayojengwa, na ujenzi unakwama. Kwa hiyo mchango wa sifongo ulikuwa ni kuonyesha umbo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mimi naliona hilo kuwa kubwa kuliko kama tungeikuta dawa tayari.

Kazi yenyewe hufanywaje, tangu mtu anapozama mpaka maabara?

Mzamiaji hukata kipande kwa kisu na kumwacha mnyama mzima pale pale inapowezekana. Kabla ya kukata humpiga picha, kwa kuwa rangi ya sifongo hubadilika akishatolewa majini, na bila picha mtaalamu wa kutambua spishi atapata tabu. Kipande kinaingia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maji yake na kibandiko chenye namba, kisha kwenye boksi la barafu. Kipande kingine kidogo huhifadhiwa kwenye spiriti ili miaka ijayo mtu aweze kuhakikisha ni mnyama yuleyule. Hatua hii huonekana ndogo, lakini kuna kazi nzuri zilizokwama kwa sababu hakuna aliyeweza tena kusema sampuli ilitokana na spishi gani.

Maabara, kipande kinakatwakatwa na kulowekwa kwenye methanoli. Kimiminika hugeuka rangi, njano, kahawia, wakati mwingine nyekundu iliyoiva. Methanoli inavukizwa kwenye chupa inayozungushwa taratibu, na chini hubaki utomvu mzito wenye harufu ya pwani maji yakiwa yametoka. Huo ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali. Kidogo chake kinadondoshewa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kikiwa na seli za saratani zilizooteshwa. Baada ya siku mbili tatu huwekwa rangi inayoonyesha seli zipi zingali hai.

Kishimo kikionyesha vifo, kazi ndiyo kwanza imeanza. Mchanganyiko unagawanywa mafungu, kila fungu linajaribiwa upya, fungu lililoua linagawanywa tena, na hivyo hivyo mpaka ibaki molekuli ya aina moja. Mara nyingi kinachobaki hakionekani hata kwa macho chini ya chupa. Hapo ndipo mashine za kupima uzito na umbo la molekuli zinapotumika kujua imeundwaje. Na mara nyingi sana, baada ya jasho lote hilo, inagundulika kuwa ni molekuli iliyokwisha kuelezwa na wengine zamani.

Ikishajulikana, kwa nini ichukue miaka 20, 30 au 40 kufika kwa mgonjwa?

Watu wengi hudhani ugumu uko kwenye kugundua. Kwa dawa za baharini, ugumu mkubwa umekuwa ni kupata kiasi cha kutosha. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo matumaini mengi yalipozama.

Chukua trabektedini. Mnyama wake ni *Ecteinascidia turbinata*, tunikati anayeota kwa vishada vya rangi ya chungwa kwenye mizizi ya mikoko ya Karibi. Mwaka 1969 ilikwisha kujulikana kwamba maji yaliyokamuliwa kwake yanaua seli za saratani. Umbo la molekuli halikuchapishwa hadi 1990, na timu ya Kenneth Rinehart wa Chuo Kikuu cha Illinois na ile ya Amy Wright wa taasisi ya Harbor Branch, Florida. Miaka 21, kwa sababu kilichopatikana kilikuwa kidogo mno kupimika kwa mashine za wakati ule. Tani nzima ya wanyama hawa hutoa takriban gramu moja.

Tufanye hesabu. Dozi ni miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kila wiki tatu. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama miligramu 2.5 kwa mara moja. Gramu moja ni kama dozi 400. Mgonjwa wa mizunguko sita angehitaji kilo kama 15 za wanyama, peke yake. Wazidishe wagonjwa wa nchi moja tu, kisha uiangalie mikoko.

Kampuni ya Kihispania ya PharmaMar, iliyoanzishwa 1986, ilichukua leseni na kuanza kuwakusanya na hata kuwafuga wanyama hao. Haikutosha. E. J. Corey wa Harvard aliiunda molekuli nzima maabara mwaka 1996, kazi ya kusifiwa, lakini hatua zake zilikuwa nyingi mno kwa kiwanda. Ufumbuzi ulitoka pasipotarajiwa: bakteria *Pseudomonas fluorescens*, anayekuzwa kwa urahisi kwenye matangi, hutoa kemikali nyingine iitwayo safrasini B ambayo mifupa yake inafanana na ya trabektedini. Mwaka 2000 wanakemia wa kampuni walionyesha namna ya kuanzia hapo na kumalizia njia iliyobaki kwa kemia. Hivyo ndivyo inavyotengenezwa, na tunikati wakaachwa kwenye mikoko yao.

Eribulini ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1986 Hirata na Uemura wa Japani walikusanya kilo 600 za sifongo *Halichondria okadai* na kupata miligramu 12.5 za halikondrini B, molekuli iliyozaa eribulini. Miligramu, si gramu. Baadaye New Zealand, baada ya kupima kwanza kama akiba ya chini ya bahari itahimili, ilivunwa tani moja ya sifongo mwingine wa majini kwenye kina kirefu, ikapatikana miligramu 300. Hizo zilitosha kuendeleza majaribio, basi. Yoshito Kishi wa Harvard aliiunda halikondrini B yote mwaka 1992, na katika kazi hiyo ikabainika kuwa nusu moja tu ya molekuli ndiyo inayopambana na saratani. Kampuni ya Eisai ikaunda nusu hiyo, ikaiboresha, na ndiyo eribulini. Kuitengeneza kunapita hatua zaidi ya 60 za kemia, na kila kichupa hospitalini kimepitia zote.

Kwenye jaribio lililoipatia kibali walikuwamo wanawake 762 wenye saratani ya titi iliyosambaa na ambao walikwisha kutumia dawa nyingine. Waliopewa eribulini waliishi wastani wa kati wa miezi 13.1, wenzao waliopewa matibabu mengine miezi 10.6. Miezi miwili na nusu. Asiye na mgonjwa anaweza kuiona midogo. Mwenye mgonjwa anajua ni sikukuu ngapi.

Nimesoma kwamba si mnyama anayeitengeneza kemikali, ni bakteria waliomo mwilini mwake. Ipi ni sahihi?

Inategemea mnyama. Trabektedini hutengenezwa na bakteria anayeishi ndani ya tunikati, na jeni zake zimeshasomwa. Vivyo hivyo brayostatini, kemikali nyingine iliyojaribiwa kwa saratani, inayopatikana kwa *Bugula neritina*, kiumbe mdogo wa makundi anayeonekana kama kichaka cha kahawia kwenye nguzo za gati. Dolastatini, nitakayoieleza chini, mnyama anaipata kwa kula.

Kwa muda mrefu wataalamu waliegemea kudhani karibu kila kitu ni kazi ya bakteria. Kisha mwaka 2022 timu mbili, ya Eric Schmidt wa Utah na ya Bradley Moore wa taasisi ya Scripps, California, zilionyesha kwamba matumbawe laini yana jeni zao wenyewe za kuunda kemikali za jamii ya eleutherobini, dawa tarajiwa ambayo ilikwama tangu miaka ya 1990 kwa kukosa mali ya kutosha. Hapo ni mnyama mwenyewe.

Jibu la swali hili lina faida ya moja kwa moja. Ukijua mtengenezaji ni nani na jeni zake ni zipi, unaweza kuzihamishia kwa kiumbe kinachokua haraka kwenye tangi, na miamba ikabaki salama. Leo kipande cha gramu chache kinatosha kusoma vinasaba, wakati Hirata na Uemura walihitaji kilo 600.

Kuna dawa yoyote iliyoanzia Bahari ya Hindi?

Ipo, na inastahili kufahamika zaidi huku kwetu. *Dolabella auricularia* ni konokono mkubwa asiye na kombe la nje, rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, nyuma amekatika mshazari. Ukimsumbua hutoa wino wa zambarau. Makazi yake yanaanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi kati ya Bahari ya Pasifiki, na mtu anayetembea kwenye majani ya baharini maji yakitoka anaweza kumpita bila kumwona, kwa sababu mchana hujifukia mchangani.

Mwaka 1972 timu ya George Pettit wa Arizona ilipata kwamba kilichokamuliwa kutoka kwa konokono hawa, waliokusanywa Mauritius, kinaongeza maisha ya panya wenye lukemia. Ikawachukua miaka 15 kutoa na kueleza dolastatini 10, mwaka 1987. Kilo takriban 1,000 za konokono, miligramu 29 hivi za dawa. Mwaka 2001 ikaonekana dolastatini 10 hiyohiyo kwenye saianobakteria wa Palau, aina ya utando anaoula konokono, ndipo ikaeleweka kwa nini kwake ilikuwa kidogo vile.

Kwa wagonjwa, dolastatini 10 yenyewe ilishindwa. Ilikuwa sumu kali, na kwa kipimo ambacho mwili ulikivumilia haikupunguza uvimbe vya kutosha. Ingeweza kuishia hapo. Lakini wanakemia waliunda ndugu yake wa karibu, MMAE, mkali mno kuchomwa mtu peke yake, wakaifunga kwenye kingamwili (protini ya kinga inayonasa alama maalumu) inayozitambua seli za limfoma ya Hodgkin kwa alama iliyo juu ya ngozi yao. Kingamwili inaipeleka sumu ndani ya seli husika na kuifungua humo. Hiyo ndiyo Adcetris. Tangu 2019 zimeidhinishwa nyingine zenye MMAE hiyohiyo kwa kingamwili tofauti, ikiwemo Padcev ya saratani ya kibofu. Kwangu hii ndiyo hadithi bora kuliko zote za fani hii: sumu iliyokataliwa kwa ukali wake ikawa na thamani kwa ukali huohuo, ilipopata wa kuipeleka mahali pake.

Mtandaoni wameandika kemikali fulani "inaua seli za kansa kwa asilimia 90". Si ina maana dawa imepatikana?

Hapana. Jiki nayo huua seli zote kwenye sahani. Swali la maana ni kama inaziua za saratani kwa kiasi ambacho hakiziumizi seli nzima, kisha kama inafika kwenye uvimbe ndani ya mwili hai, ikae humo muda wa kutosha, na ini na mafigo yabaki salama. Nyingi huanguka kwenye swali la kwanza.

Hata zinazofika kwa binadamu huanguka. Didemnini B, kutoka kwa tunikati, ndiyo ilikuwa kemikali ya kwanza ya mnyama wa baharini kujaribiwa moja kwa moja kwa wagonjwa wa saratani, miaka ya 1980. Ikaachwa kwa sababu ya madhara. Brayostatini 1 iligharimu karibu tani 13 za *Bugula* ili zipatikane gramu 18, ikajaribiwa kwa aina nyingi za saratani, na peke yake haikufua dafu. Watu waliitolea miaka yao, na wagonjwa walijitolea miili yao. Kwa hiyo ukisoma habari ya ugunduzi, tazama kwanza ni kwenye sahani, ni kwa panya, au ni kwa watu. Kama ni sahani, mgonjwa wako hahusiki nayo bado.

Papa hapati saratani, kwa hiyo gegedu lake linaweza kuizuia?

Papa anapata saratani. Uvimbe umeripotiwa kwa papa wa spishi mbalimbali, ukiwemo wa gegedu lenyewe. Na gegedu limejaribiwa kwa utaratibu unaokubalika: wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu walipewa ama dawa iliyotolewa kwenye gegedu la papa ama maji yasiyo na dawa, pamoja na matibabu yao ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliopata gegedu hawakuishi zaidi ya wenzao. Biashara ya vidonge vyake inaendelea, na papa wanapungua.

Mama yangu ana saratani ya titi. Nimeambiwa supu ya jongoo bahari, au vidonge vyake, itamponya. Nimpe?

Pole sana wewe na mama. Jibu langu ni usimpe kama dawa, na hasa usimwache aache hospitali kwa ajili yake.

Kilicho cha kweli ni hiki: majongoo bahari wana kemikali za jamii ya saponini, na moja yao, frondosaidi A, kutoka kwa jongoo wa Atlantiki ya Kaskazini, imepunguza uvimbe kwa panya. Hakuna nchi iliyoidhinisha dawa ya saratani kutoka kwa jongoo bahari. Saponini hizohizo zinaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Kwenye kidonge cha dukani hujui ni spishi gani, kiasi gani, wala kama kuna jongoo ndani yake kweli. Na mgonjwa aliye kwenye kemotherapi tayari ini na uboho wake vinafanya kazi kwa shida. Kumwongezea kitu kisichojulikana ni kumtia hatarini.

Akitaka kula kama kitoweo, mwambie daktari au mfamasia wake kwanza. Usione haya. Daktari anahitaji kujua kila kinachoingia mwilini, hata kile ambacho shangazi alikileta kwa nia njema. Saratani ya titi ikiwahiwa ina matibabu, na kila mwezi unaopotea kwenye supu ni mwezi ambao ugonjwa unautumia.

Kwa kuwa ni vitu vya asili, si havina madhara?

Vina madhara kama dawa nyingine za saratani. Sitarabini hushusha chembe za damu, na kwa dozi kubwa inaweza kugusa ubongo na macho. Trabektedini ni nzito kwa ini. Eribulini na Adcetris huleta ganzi mikononi na miguuni. Zote hutolewa na watu waliofunzwa, huku damu ikipimwa mara kwa mara. Asili yake ilikuwa ni kumdhuru adui.

Bahari imetoa chochote kwa maumivu ya saratani?

Imetoa zikonotaidi, iliyoidhinishwa 2004, nakala ya kiungo kimoja cha sumu ya konokono *Conus magus*. Huingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa pampu, kwa maumivu makali ambayo dawa nyingine zimeshindwa. Tahadhari kwa wanaookota makombe: pwani yetu ina *Conus geographus*, ambaye mchomo wake unaweza kuua mtu. Konokono wa umbo la pia, mwenye kombe la kupendeza, usimtie mfukoni akiwa hai.

Mtafiti wa nje akichukua sifongo wetu akapata dawa, sisi tunapata nini?

Miaka ya nyuma, mara nyingi hakuna. Sasa kuna Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, ambayo Kenya na Tanzania zimejiunga nayo. Inataka ruhusa ya nchi kabla ya kuchukua viumbe kwa utafiti wa jeni na kemikali zake, na makubaliano ya kugawana manufaa. Vibali vya utafiti hupitia tume za sayansi za taifa, COSTECH Tanzania Bara na NACOSTI Kenya, huku Zanzibar ikiwa na utaratibu wake. Kwa bahari kuu isiyo ya nchi yoyote, mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipitishwa Juni 2023.

Karatasi peke yake haitoshi. Makubaliano yakiandikwa, yataje mafunzo kwa vijana wetu, vifaa vitakavyobaki, na majina ya watafiti wa hapa kwenye chapisho. Faida ya dawa, kama itakuja, itakuja baada ya miaka 30. Mafunzo yanaanza mwaka uleule. Na wavuvi wanaoonyesha mahali pa kuzama wajue kinachotafutwa. Ni wao wanaoijua miamba.

Pwani yetu inaweza kufanya kazi hii yenyewe?

Sehemu ya mwanzo, ndiyo, na ndiyo inayokosekana zaidi. Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Zanzibar, na KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa. Orodha nzuri ya sifongo na tunikati wa miamba yetu na mizizi ya mikoko yetu, yenye picha, vipande kwenye spiriti na vinasaba vilivyosomwa, haihitaji kiwanda cha dawa. Inahitaji wazamiaji, friza ambalo umeme wake haukatiki, na mtu mvumilivu wa darubini. Majaribio ya sahani ya vishimo yanaweza kufanywa kwenye maabara ya chuo iliyotunzwa. Mashine kubwa za kusoma umbo la molekuli ni ghali, na kwa hizo itabidi kushirikiana na wengine kwa masharti niliyoyataja.

Kuna ujuzi mwingine uliokwisha kuwepo. Jambiani, Unguja, wanawake wanafuga sifongo wa kuogea kwenye kamba, baada ya mwani kuanza kufa kwa joto la maji. Wanajua kumkata sifongo kipande, kumtunga kwenye kamba, kumsafisha magugu kila mara, na kusubiri akue upya. Siku watafiti wakihitaji gramu mia chache za spishi moja bila kuugusa mwamba, wa kuwauliza kwanza wako hapo.